Swali la Sita la Canberra, 1988: Je, Wanafunzi Waliwashinda Wataalamu?

Swali lenyewe ni la mistari miwili. Chukua namba mbili kamili chanya, a na b, ambazo a² + b² inagawanyika kwa ab + 1 bila baki. Thibitisha kwamba jibu la mgawanyo huo ni namba mraba, yaani 1, 4, 9, 16 na kuendelea. Hakuna jometri ndani yake, hakuna kalkulasi, wala istilahi ambayo mwanafunzi wa sekondari hajaisikia. Lakini lilipowekwa mwisho wa siku ya pili ya Olimpiadi ya Kimataifa ya Hisabati mjini Canberra, Australia, mwaka 1988, wanafunzi 268 kutoka nchi 49 walikaa nalo, na 11 tu ndio waliopata alama zote.

Kisa hiki husimuliwa sana kwa wanafunzi wanaojiandaa na mashindano, na kila anayekisimulia hutia chumvi yake. Toleo lililozoeleka ni kwamba magwiji walishindwa, watoto wakaweza. Nimeona inafaa kukipitia upya taratibu, kwa sababu hitimisho hilo halibebwi na namba za kisa chenyewe. Isitoshe, kinachowafaa kweli wanaofundisha kimo ndani ya swali, mahali ambapo wasimulizi wengi hawafiki.

Tuanze na jinsi swali linavyofika kwenye karatasi. Katika olimpiadi hii nchi mwenyeji haiweki maswali yake. Nchi nyingine zinazoshiriki hutuma mapendekezo, kamati ya mwenyeji huyachuja na kutoa orodha fupi, kisha viongozi wa timu hukutana kama jopo, wakajadili na kupiga kura hadi yabaki maswali sita. Matatu hufanywa siku ya kwanza, matatu siku ya pili, kila siku saa nne na nusu. Kila swali lina alama 7, jumla 42. Kwa desturi la tatu na la sita ndiyo mazito zaidi ya siku zao.

Hili lilitoka Ujerumani Magharibi. Kamati ya Australia iliyolipokea ilikuwa na watu sita, na wawili kati yao walikuwa George Szekeres na mkewe Esther. Wapenzi wa hisabati ya mashindano wanawafahamu. Ni vijana wa Budapest wa miaka ya 1930, kundi moja na mwanahisabati Paul Erdős. Esther ndiye aliyeuliza lile swali kuhusu nukta tano zilizotawanyika kwenye bapa, George na Erdős wakalipanua katika makala ya mwaka 1935, naye Erdős akalibatiza tatizo la mwisho mwema kwa kuwa George na Esther waliishia kuoana. Si watu wa kubabaishwa na swali la sekondari. Hata hivyo, katika wanakamati wote sita hakuna aliyelitegua.

Wakalipeleka kwa wataalamu wanne wa nadharia ya namba waliokuwa na jina kubwa nchini Australia, wakawaomba walishughulikie kwa saa sita. Saa sita zikapita, wote wanne wakatoka kapa. Kamati ikalifikisha mbele ya jopo likiwa na nyota mbili pembeni, ishara kwamba ni gumu mno, pengine kupita kiasi kwa mtihani. Jopo lilibishana muda mrefu, hatimaye likathubutu kulichagua liwe swali la mwisho. Aliyetuhifadhia habari hizi ni Arthur Engel, mkufunzi wa miaka mingi wa timu ya Ujerumani Magharibi.

Matokeo yakawa kama nyota zilivyotabiri, ila si kabisa. Wastani wa alama katika swali hilo haukufika 1 kati ya 7. Kati ya 11 waliolimaliza wamo Ngô Bảo Châu wa Vietnam, aliyepata alama zote 42 mwaka huo na baadaye medali ya Fields, mojawapo ya tuzo za juu kabisa za hisabati, mwaka 2010. Ravi Vakil wa Kanada na Zvezdelina Stankova wa Bulgaria, wote wawili wakawa maprofesa wa hisabati. Na Nicușor Dan wa Romania, ambaye mwaka 2025 alichaguliwa kuwa rais wa nchi yake. Emanouil Atanassov wa Bulgaria alipewa zawadi maalumu kwa jinsi uthibitisho wake ulivyokuwa mfupi na safi. Upande wa pili yupo Terence Tao wa Australia, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anatimiza miaka 13. Alipata alama 1 tu katika swali la sita, na bado akaondoka na medali ya dhahabu.

Nimemtaja Tao kwa makusudi. Swali ambalo mtu anaweza kulikosa karibu lote na bado apate dhahabu si swali linalogawa medali. Maswali matano yaliyotangulia ndiyo yaliyofanya kazi hiyo, na la sita likabaki kuwa la kutenganisha wachache sana kileleni. Kwa mtazamo wangu jopo halikukosea kulichagua. Wangekosea kama wangeweka mawili ya aina hiyo katika mtihani mmoja, maana hapo theluthi nzima ya karatasi isingepima chochote kwa karibu kila mtu aliyekuwa ukumbini.

Sasa turudi kwenye hesabu ambayo wasimulizi hawaifanyi. Watahiniwa 11 kati ya 268 ni kama asilimia 4. Na hao 268 hawakuokotwa njiani: kila nchi hutuma wanafunzi wasiozidi sita, waliopatikana baada ya mchujo wa taifa zima. Watu wazima walioshindwa walikuwa sita wa kamati na wanne wa nadharia ya namba, jumla kumi. Tuchukulie kwamba kila mmoja wao alikuwa na nafasi ileile ya asilimia 4 aliyokuwa nayo mtahiniwa wa kawaida. Uwezekano wa wote kumi kushindwa ni takriban asilimia 66, yaani mara mbili katika kila mara tatu. Kwa maneno mengine, matokeo ya wazee wale ndiyo hasa ambayo mtu angeyatarajia kama wangekuwa sawasawa na wanafunzi. Ungewatoa wanafunzi kumi bila kuchagua kutoka ukumbi ule wa Canberra, yaelekea nao pia wangeambulia patupu wote kumi.

Utaniambia kwamba mtaalamu anapaswa kuwa juu ya asilimia 4. Kweli, na hapo ndipo penye jambo la kushangaza, ingawa ni dogo kuliko lile linalosimuliwa. Wanafunzi hawakuwashinda wataalamu. Ila katika swali hili utaalamu haukumwongezea mtu chochote kinachoonekana, na hilo linahitaji maelezo. Nionavyo mimi, maelezo hayapatikani kwa kulinganisha akili za watu. Inabidi tuchukue kalamu tuone swali lilimsukuma mtu upande gani.

Weka a = 1. Tunataka b + 1 igawanye b² + 1. Kwa kuwa b² + 1 ni sawa na (b + 1)(b − 1) + 2, lazima b + 1 igawanye 2, hivyo b = 1. Jibu la mgawanyo ni 1. Sawa.

Weka a = 2. Tunataka 2b + 1 igawanye b² + 4. Zidisha hiyo b² + 4 kwa 4, utapata (2b + 1)(2b − 1) + 17. Kwa hiyo 2b + 1 lazima igawanye 17. Ama 2b + 1 ni 17, ndipo b = 8 na jibu ni 68 kugawa kwa 17, yaani 4; ama 2b + 1 ni 1, ndipo b = 0. Sifuri si namba chanya, basi tunaitupa na kuendelea.

Weka a = 3. Kwa njia ileile, 3b + 1 lazima igawanye 82. Vigawanyo vya 82 ni 1, 2, 41 na 82. Vinavyokubali ni 82, inayotoa b = 27 na jibu 9, na tena 1, inayotoa b = 0. Tunatupa sifuri kwa mara ya pili.

Hapa mtahiniwa yeyote makini atakuwa ameona kitu: 1 na 1, 2 na 8, 3 na 27. Ni namba na kipeo chake cha tatu. Ukiweka b = a³, juu unapata a² + a⁶, chini a⁴ + 1, na jibu ni a² moja kwa moja. Unaweza kuwaza moyo ulivyomdunda mtu aliyefika hapo baada ya dakika ishirini! Akisema tu kwamba b lazima iwe kipeo cha tatu cha a, kazi imekwisha. Kinachofuata ni saa mbili za kujaribu kuthibitisha jambo ambalo si kweli.

Si kweli kwa sababu ya 8. Weka a = 8, fanya hesabu ileile, na utakuta 8b + 1 lazima igawanye 4097, ambayo ni 17 mara 241. Vigawanyo ni vinne: 1, 17, 241 na 4097. Vyote vinne vinakubali. Vinatoa b = 0, b = 2, b = 30 na b = 512. Hiyo 2 tunaifahamu, ni jozi ya 2 na 8 iliyogeuzwa. Hiyo 512 ni kipeo cha tatu cha 8. Lakini 30 ni mgeni. 64 + 900 ni 964, ukigawa kwa 241 unapata 4. Ni namba mraba, swali halijadanganya, ila dhana ya vipeo vya tatu imekufa.

Nikilifundisha swali hili husimama hapa kwenye safu ya 8, kwa sababu siri yote imo humu na haihitaji werevu wa ajabu kuiona, inahitaji mtu aache kukimbia. Panga hizo b nne kwa jibu linalotoka. 2 na 30 zote zinatoa 4. Jumla yake ni 32, ambayo ni 4 mara 8. Sasa chukua 512, inayotoa 64, na uiweke pamoja na ile sifuri tuliyokuwa tukiitupa: 64 + 0 kugawa kwa 0 + 1 ni 64. Nazo zinatoa jibu moja. Jumla yake ni 512, ambayo ni 64 mara 8. Namba zinakuja mbilimbili, na kila jozi ina jumla inayojulikana kabla hujaitafuta.

Sababu ni ya kidato cha pili au cha tatu. Tuite jibu la mgawanyo k. Badala ya kuliacha k likae upande wa kulia kama kitu kinachotafutwa, lishike imara, ushike pia namba moja, mathalani b, kisha uichukulie a kuwa ndiyo isiyojulikana. Unapata mlinganyo wa kipeo cha pili: a² − kb·a + (b² − k) = 0. Mlinganyo wa namna hii una majawabu mawili. Jumla ya majawabu ni kb, na zao lake ni b² − k, kanuni aliyotuachia Mfaransa François Viète wa karne ya 16. Ukiwa na jawabu moja a, la pili ni kb − a. Huhitaji kulitafuta.

Basi anza na jozi kubwa, 112 na 30, ambayo k yake ni 4. Shika 30, badili 112: 4 mara 30 toa 112 ni 8. Sasa una 30 na 8. Shika 8, badili 30: 32 toa 30 ni 2. Una 8 na 2. Shika 2, badili 8: 8 toa 8 ni 0. Una 2 na 0, na k bado ni 4, maana katika safari yote hatukuigusa. Ni kama kushuka ngazi: kila hatua unaishika k mkononi, namba zinapungua, na ukifika chini kabisa unakuta sifuri. Na sifuri ikishaingia, swali limejijibu. Ukiweka a = 0 kwenye mgawanyo wa mwanzo, juu inabaki b², chini inabaki 1. Hivyo k = b². Hapa k = 2² = 4. Ndiyo maana jibu ni namba mraba, na ndiyo maana sifuri ilikuwa ikijitokeza katika kila safu nasi tunaisukuma pembeni kwa kuwa swali lilisema namba chanya.

Kilichobaki ni kuhakikisha ngazi haina kipande kilichovunjika, na hapa ndipo alama hupotea hata kwa mwanafunzi aliyeona picha nzima. Tuseme k si namba mraba. Kati ya jozi zote chanya zinazotoa k hiyo, chagua ile yenye jumla ndogo kuliko zote, na a isiwe ndogo kuliko b. Jawabu la pili, tuliite a′, ni kb − a, kwa hiyo ni namba kamili. Pia a′ ni (b² − k) kugawa kwa a, kwa hiyo haiwezi kuwa sifuri, la sivyo k ingekuwa b², namba mraba. Je, yaweza kuwa hasi? Kama a′ ni hasi, basi a′b + 1 haizidi sifuri, na k mara hiyo haizidi sifuri, lakini inatakiwa kuwa sawa na a′² + b², ambayo ni kubwa kuliko sifuri. Haiwezekani. Basi a′ ni chanya. Na kwa kuwa b² − k ni ndogo kuliko a², a′ ni ndogo kuliko a. Tumepata jozi chanya yenye jumla ndogo zaidi na k ileile, kinyume na tulivyochagua. Hoja imejipinga, na k lazima iwe namba mraba.

Uthibitisho wote umeingia katika aya moja, na zana nzito kuliko zote ndani yake ni jumla na zao la majawabu ya mlinganyo. Sehemu inayosahaulika mara nyingi ni ile ya namba hasi. Mwanafunzi huandika kwamba a′ ni ndogo kuliko a, anafurahi, anafunga karatasi. Lakini ngazi inayoweza kushuka chini ya sifuri haina mwisho, na hoja ya jozi ndogo kuliko zote inaanguka. Ukiwa msahihishaji, hapo unajua kama mtu ameelewa au amesimuliwa.

Sasa tunaweza kurudi kwa wale wataalamu wanne. Kwa mtu wa nadharia ya namba, k ikishikwa, mlinganyo a² − kab + b² = k una sura anayoijua vizuri. Ni ndugu wa mlinganyo wa Pell, yaani x² − Dy² = 1 ambamo D si namba mraba, na ipo nadharia pana ya kuushughulikia. Nadharia hiyo inajibu swali hili: k fulani inapewa, je, kuna jozi, na ni zipi? Swali la Canberra linauliza kinyume chake, yaani ni k zipi zinazoweza kutokea. Mtaalamu mwenye sanduku la zana nzuri huanza kuzitoa moja baada ya nyingine: mabaki, vigawanyo vya pamoja, mabadiliko ya sura ya mlinganyo. Saa sita si nyingi kwa mtu anayefanya kazi hivyo. Sisemi ndivyo walivyofanya; nasema ndivyo ambavyo swali linamvuta mtu anayejua mengi. Mwanafunzi ana zana tatu au nne, na mojawapo ni mlinganyo wa kipeo cha pili. Atajaribu zote kabla ya muda kwisha, kwa sababu hana kingine cha kujaribu. Wengi wa wale 257 nao walizijaribu bila kufika, kwa hiyo uchache wa zana nao si dawa.

Kinachotia ladha zaidi ni kwamba mbinu yenyewe haikuwa mpya. Kushuka kutoka jawabu kubwa hadi dogo hadi hoja ijipinge ni silaha ya Pierre de Fermat wa karne ya 17. Na kuruka kutoka jawabu moja la mlinganyo hadi jingine huku ukishika namba zilizobaki kulifanywa na Andrey Markov mnamo 1879 na 1880, alipochunguza mlinganyo a² + b² + c² = 3abc. Ukianza na 1, 1, 1 na kubadili namba moja kila mara, unapata 1, 1, 2, halafu 1, 2, 5, halafu 2, 5, 29, na mti unaendelea kuchipua matawi bila kikomo. Adolf Hurwitz alipanua kazi hiyo mwaka 1907 kwa namba nyingi zaidi. Kwa hiyo mwaka 1988 hatua iliyohitajika ilikuwa maktabani kwa zaidi ya karne. Ila kuwa na jambo kwenye rafu hakumaanishi mkono utalifikia wakati saa inahesabu, hasa jambo likiwa limevaa nguo nyingine. Kwa Markov kulikuwa na namba tatu na zao lake, na k ilikuwa imetangazwa kuwa 3. Kwa Canberra k ndiyo iliyofichwa.

Baada ya mwaka huo mambo yalibadilika haraka. Mbinu ikapewa jina, wakufunzi leo huiita kuruka kwa Vieta, kwa jina la Kilatini la Viète, na sasa ni sehemu ya kawaida ya mafunzo ya timu karibu kila mahali. Swali lililowashinda watu kumi wazima likawa zoezi la kufungulia somo.

Hapo nina shaka kidogo. Jina likishakuwepo, mwanafunzi hujifunza kulitambua swali kwa sura yake: kuna mgawanyo, kuna vipeo vya pili, basi ruka. Mwaka 2007, olimpiadi ilipofanyika Hanoi, swali la tano lilikuwa hivi: kama 4ab − 1 inagawanya kipeo cha pili cha (4a² − 1), thibitisha kwamba a = b. Ukiliendea kwa kuruka tu unagonga mwamba, kwa sababu a imepanda hadi kipeo cha nne na hakuna mlinganyo wa majawabu mawili mbele yako. Kwanza lazima uone kwamba sharti hilo ni sawa na kusema 4ab − 1 inagawanya (a − b)². Ukiisha kuona hivyo, ngazi inajitokeza na kazi iliyobaki ni ya mazoea. Aliyekariri jina pekee hakuwa na pa kushika mpaka avuke hatua ile ya kwanza, ambayo haina jina.

Ndiyo maana mimi huanza na safu za 2, 3 na 8, na neno kuruka silitamki mpaka mtu aseme mwenyewe kwamba namba zinakuja mbilimbili. Inachukua muda mrefu kuliko kuonyesha uthibitisho ubaoni, na si kila mwanafunzi hufika. Lakini anayefika hufaulu zoezi linalofuata, ambalo ninalipenda kwa sababu linamnasa yule aliyekariri. Namba mbili chanya a na b zina sifa kwamba a² + b² + 1 inagawanyika kwa ab. Thibitisha kwamba jibu ni 3 daima. Jozi zipo: 1 na 1, 1 na 2, 2 na 5, 5 na 13. Ni familia ya Markov, wakati namba ya tatu ni 1.

Aliyekariri Canberra atashuka ngazi akiitafuta sifuri, na hataipata, maana jawabu la pili hapa ni (b² + 1) kugawa kwa a, ambalo haliwezi kuwa sifuri wala hasi. Atashuka, atashuka, kisha atakwama bila kujua kwa nini. Inabidi ajiulize hoja ya kupungua inakatika wapi. Maadamu a ni kubwa kuliko b, b² + 1 ni ndogo kuliko a², na jawabu jipya ni dogo. Hatua haiendi tena pale tu a na b zinapolingana. Ukiweka a = b, a² lazima igawanye 2a² + 1, kwa hiyo igawanye 1. Basi a = 1, na jibu ni 3.